Mbuzi Aliyengojewa Mlangoni kwa Kalicha

Mtu akitaka kujua fulani wa kijiji chetu cha Kara-Bulun anaishi wapi siku hizi, haendi ofisini. Ofisini wana majina ya waliobaki, na waliobaki hawahitaji kuandikwa, tunajuana kwa kikohozi. Watu walikuwa wakimwuliza Kalicha, mjane wa Sarybai. Naye hakuanza kwa kutaja mji, alianza kwa kutaja jiwe.

"Yule wa jiwe jekundu? Yuko Surgut, anachomelea mabomba kwenye theluji. Yule mnene aliyekaa penye mwiba akimtukana mwamuzi? Yuko Korea, kiwanda cha plastiki. Mkewe yuko Moscow anafagia. Mtoto wao yuko kwa bibi yake, hajui jiwe lolote."

Mawe hayo yako kwenye kilima, juu ya uwanja wetu wa kugombania mbuzi. Enzi za shamba la ushirika kila nyumba ilikuwa na mahali pake pa kukaa siku ya mchezo, wala hapakuwa na mtu aliyekalia jiwe la jirani, hata jirani mwenyewe awe kitandani anaumwa. Chini yetu wapanda farasi wa vijiji viwili walinyang'anyana mzoga wa mbuzi asiye na kichwa, mtu akauokota chini farasi akiwa mbioni, akaubana kati ya paja na tandiko, akaenda kuutupa kwenye chungu kikubwa cha udongo cha wapinzani, ndicho goli lao. Juu kilimani palikuwa na watu wengi kiasi kwamba majani hayakuota. Sasa yameota, na ng'ombe wanapanda kuyala.

Zamani wanawake hawakupanda kilimani. Walikaa nyuma, kwenye masufuria. Kalicha alikuwa mkamuaji ng'ombe, msichana wa mifupa mikubwa na sauti ya kuamsha bonde. Siku moja alikuwa akipita na ndoo ya maziwa, Sarybai amezungukwa uwanjani na farasi wa wapinzani, anavuta hatamu kama anayevuta jongoo shimoni. Kalicha akaitua ndoo, akapaza sauti: "Mwachie hatamu, mpumbavu wewe! Farasi ana akili kukuzidi!" Kilima kizima kikacheka. Sarybai akalegeza hatamu, farasi akapenya, mbuzi akaingia chunguni. Tangu siku ile hakuna aliyemwambia Kalicha arudi kwenye masufuria. Walipooana, Sarybai alisema amemwoa ili awe anatukanwa nyumbani badala ya mbele za watu. Hakufanikiwa. Alitukanwa kote kuwili hadi kifua kilipomwua.

Kuna jambo moja la mchezo huu ambalo vijana wa sasa wamelisikia bila kulielewa, nami nalieleza kwa sababu bila hilo habari ya Kalicha haina maana. Mchezo ukiisha, mshindi hakumwacha mbuzi uwanjani. Alimpakia, akapita naye kijijini mbio, akamtupa mlangoni pa nyumba aliyotaka kuibariki. Nyumba ile ilipokea kwa leso na maziwa ya farasi, ikampika, kijiji kikala. Nyama ile ilikuwa imepita katika mikono ya wanaume wote na jasho la farasi wote, kwa hiyo ilikuwa na nguvu ya wote. Na kama nyumbani palikuwa na mke asiyezaa, bakuli la kwanza la mchuzi lilikuwa lake.

Nimesoma vitabu vya kutosha kujua daktari atasema nini. Lakini Kalicha na Sarybai walikaa miaka sita bila mtoto, majira ya kuchipua mbuzi akatupwa mlangoni kwao, na mwaka uliofuata akazaliwa Nurdoolot. Huwezi kumwambia mwanamke huyo habari za daktari.

Kisha shamba la ushirika likavunjwa. Watu walikwenda kwanza Bishkek, mji mkuu, kuuza nguo za Wachina kwenye soko la makontena. Waliporudi kwa sikukuu, bado walikimbilia kilimani na viatu vya mjini. Baadaye soko likajaa, wakaenda Urusi. Baadaye Urusi ikawakaba kwa vibali, wengine wakaenda Uturuki, wengine Korea. Na kila kijana aliyeondoka alimwuza farasi wake apate nauli. Hilo watu hawalisemi. Wanasema kilima kimepungua mashabiki kana kwamba mashabiki wamechukuliwa na upepo. Kila shabiki aliyepungua kilimani alipunguza farasi uwanjani, mpaka timu yetu ikaanza kuazima wachezaji wa vijiji vya jirani ili jina letu lisifutwe.

Nurdoolot naye alimwuza yule farasi mwekundu wa baba yake. Akaenda Yekaterinburg, huko Urusi, na mkewe Gulzada. Yeye anaendesha lori la mikate, mkewe anaosha vyombo katika mkahawa. Miaka ikapita, mtoto hakuja. Walipimwa, wakapewa dawa, wakapimwa tena.

"Madaktari hawatampata," Kalicha alikuwa akisema. "Wanamtafuta tumboni. Mtoto anaanzia mlangoni."

Kwa hiyo haja yake ikawa moja tu: mbuzi atupwe mlangoni kwake siku ambayo Gulzada yuko ndani. Mambo hayo mawili hayakukutana. Mbuzi walikuwa wakitupwa kwa wenye mageti ya chuma na magari mapya. Gulzada naye, likizo ilipopatikana nauli haikuwepo, nauli ilipopatikana likizo haikuwepo.

Hatimaye walikuja, msimu wa kuvuna maharagwe, nami nilikuwepo jioni waliyofika kwa sababu nyumba zetu zinatenganishwa na mfereji tu. Chai haijapoa, Nurdoolot akasema lililomleta.

"Mama, tumekuja kukuchukua. Tumepata nyumba ya vyumba viwili. Siwezi tena kulala nikiwaza umeteleza barafuni na hakuna wa kukuinua."

"Yupo mzee huyu," Kalicha akasema, akinionyesha kwa kidevu.

"Huyu naye akiteleza?"

"Tutalala wote barafuni tukipiga soga."

Nurdoolot hakucheka. Kalicha akamtazama Gulzada, aliyekuwa amekaa karibu na mlango kama wakamwana wa zamani, akimimina chai nusu kikombe nusu kikombe kama inavyotakiwa. Mwanamke mpole yule, mikono imechubuliwa na sabuni.

"Sikilizeni," Kalicha akasema. "Ninaye mbuzi mweupe, namlisha maganda ya maharagwe tangu masika. Nitamtoa, uchezwe mchezo wa nyumba yangu. Mkamwana wangu akinywa mchuzi wa mbuzi wa mlangoni, nitakwenda popote mtakaponipeleka. Hata mkiniweka kabatini. Asipokunywa, nizikeni hapa hapa."

"Mama, hayo mambo ya..."

"Nimemaliza. Gulzada, mwanangu, utakunywa?"

"Nitakunywa, mama," Gulzada akasema, na uso ukamwiva.

Kesho yake Kalicha alikwenda kwa Maksat, nahodha wa timu. Maksat si mtu mbaya. Alizaliwa watu wakiwa wameshaanza kuondoka, akalelewa na nyanya yake, na mchezo alijifunzia zaidi kwenye simu.

"Shangazi, umekuja kama mvua!" akasema. "Jumamosi ijayo tuna mashindano Talas mjini, na kabla ya hapo wale wa kijiji cha juu wanakuja kucheza nasi kujinoa. Na wewe unatoa mbuzi! Mungu akupe nini tena?"

"Akupe wewe masikio. Mchezo ukiisha, mbuzi aje mlangoni kwangu. Si kwa mwenye duka, si kwa mwenye gari. Kwangu. Mkamwana yupo."

"Tutamtupa mbele ya miguu yake mwenyewe. Farasi wangu aanguke nikikudanganya."

Na sitasema alidanganya.

Siku ya mchezo tulipanda kilimani mapema. Tulikuwa vizee wachache na wanawake waliotoka kuvuna. Wageni wa kijiji cha juu walikuwa wamefika tangu asubuhi, moshi wa kupikia ulikuwa ukipanda kando ya uwanja. Gulzada alishika simu ikitazama chini, kwa maana siku hizi kilima chetu kiko humo ndani, mtu mmoja kwenye kila kidirisha. Sauti zikaanza kutoka.

"Inua simu, binti! Tunaona sketi tu!" Huyo alikuwa Jumagazi, yule mnene wa Korea.

"Hiyo sketi ni mimi," Kalicha akamjibu. "Na wewe mbona umezidi kuvimba? Wanakulisha hiyo plastiki?"

"Shangazi, nimetoroka zamu. Nimejifungia chooni kwa ajili yenu. Nani ana mbuzi?"

"Maksat."

"Mwambie asimkumbatie hivyo, si bibi harusi! Ambane kwa goti!"

"Njoo umwambie mwenyewe."

"Nitakuja, shangazi. Mwakani."

"Mwakani umekuwa ukija tangu nywele zangu zikiwa nyeusi."

Wakacheka, yule wa Korea na wale wa Moscow na yule mchomeleaji wa Surgut, Tynchtyk. Nasi tukacheka. Uwanjani vumbi lilikuwa limefunika farasi hadi masikioni. Macho yangu mimi yanaona kivuli na mwendo, basi. Ya Kalicha yalikuwa mabaya kuliko yangu, lakini alipaza sauti vile vile, na farasi wa Maksat aligeuza sikio.

"Jamani," sauti ya Tynchtyk ikatoka Surgut. "Mbona mbuzi amedunda?"

"Amefanya nini?"

"Ameanguka, akadunda. Nimeona. Mbuzi hadundi."

"Wewe ndiye baridi imekudunda kichwani," Kalicha akasema. "Tazama mchezo."

Nilimwona Gulzada akiisogeza simu, akatazama uwanja kwa macho yake mwenyewe, muda mrefu, kisha akamtazama mama mkwe wake. Akainua simu tena.

Tulishinda. Kalicha hakungoja salamu, alishuka kilima karibu kukimbia, maana sufuria kubwa alikuwa ameliteleka tangu asubuhi na maji yalikuwa yakichemka uani. Alivaa kilemba cheupe cha siku kuu. Leso za wapanda farasi alizitundika mkononi. Gulzada akasimamishwa kizingitini, Nurdoolot pembeni yake. Tukawasikia wakija. Kutoka uwanjani hadi kwake njia inapita nyumba nyingi zenye kufuli, na kwato zilipiga mwangwi kwenye kuta zile kama barabara ya makaburini. Kisha Maksat akatokea mbele ya wenzake, ameegemea upande mmoja kwa uzito, anacheka, meno meupe katika vumbi.

"Shangazi! Pokea!"

Akatupa.

Mtu aliyesikia mzoga ukianguka maisha yake yote anajua sauti yake. Hii haikuwa hiyo. Kitu kiligonga ardhi, kikainuka kiasi cha kiganja, kikatulia karibu na viatu vya Gulzada.

Kalicha alikuwa ameshakunjua viganja kuomba baraka. Akazimaliza baraka zake kwanza, bila kuharakisha. Ndipo akainama na kupapasa. Ngozi ilikuwa ya mbuzi kweli, imevalishwa kama koti. Chini ya ngozi palikuwa na raba, na kwenye tumbo mshono mnene wa uzi wa viatu.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Mbuzi wako, shangazi! Kama nilivyoahidi."

"Wangu alikuwa mweupe. Alikuwa na damu."

Maksat bado alikuwa akitabasamu, lakini tabasamu lilianza kutafuta pa kwenda. "Aa, yule? Yule tumemla mchana. Wageni walikuja na njaa, wakamsifu sana, mafuta yake! Tulidhani umetoa chakula, shangazi. Tangu msimu huu hakuna anayecheza na mzoga. Wakubwa wa mashindano hawataki, wanasema ni uchafu. Huyu uzito wake ule ule, hanuki, hachaniki. Hata mvua..."

Nadhani alikuwa ameona sufuria, na maji yanayochemka bila kitu ndani.

Sikupata kumchukia, ingawa nilijaribu. Nani angemwambia? Waliopaswa kumwambia walikuwa Surgut na Korea na Moscow. Walimtumia pesa za jezi, wakamtumia na maneno ya kumsifu, na kwenye simu wakamfundisha jinsi ya kubana kwa goti. Hakuna aliyekumbuka kumweleza mbuzi ni wa nini.

Nurdoolot alitoka pale mlangoni, akazikamata hatamu za farasi wa Maksat. "Umemfanya mama yangu kichekesho? Mbele ya watu? Shuka!"

"Kaka, wallahi sikujua..."

"Shuka, nimesema!"

"Nurdoolot," Kalicha akasema. "Achia hatamu. Wako ulimwuza. Usishike wa mwenzio."

Mwanawe akaachia mara moja, kama aliyeshika chuma cha moto. Akarudi nyuma mpaka ukutani.

Kalicha akagawa leso. Kila mpanda farasi akapata yake, akaifunga mkononi. Akawapa maziwa, wakanywa juu ya farasi, kila mmoja akitazama ndani ya bakuli kuliko kiu yake ilivyohitaji. Walipomaliza hawakuondoka. Farasi wakawa wanakanyagakanyaga. Mwisho Maksat akashuka, akavua kofia.

"Shangazi, nisamehe. Lakini itabidi... tumchukue tena. Tunaye huyu mmoja tu. Na Jumamosi ni mashindano."

"Mchukue," Kalicha akasema. "Mfuteni vumbi kwanza."

Wakamfunga nyuma ya tandiko kama gunia, wakaondoka kwa mwendo wa kawaida. Kalicha akaingia uani, akachukua koleo la majivu, akaanza kuutawanya moto chini ya sufuria. Nikaokota kuni zilizobaki nikazipanga, kazi isiyo na haja.

Tulipoinua macho Gulzada hakuwepo. Nurdoolot akamwita chumbani, akamwita kwenye zizi. Baadaye tukamwona anakuja kwa njia ile ile ya farasi, anatembea polepole, ameshika bakuli kwa mikono miwili. Alikuwa amekwenda uwanjani, kwenye sufuria la wageni. Akakwangua chini. Mchuzi ulikuwa umepoa, mafuta yameganda juu yake kama barafu ya kwanza mtoni, na ndani kulikuwa na mfupa mmoja wa shingo.

Akaja akasimama mbele ya mama mkwe wake.

"Mama, ni yule yule mbuzi."

"Farasi hawakumgusa," Kalicha akasema. "Hakupita mkononi mwa mtu yeyote."

"Alipita mkononi mwako. Wewe ulimlisha."

Na kabla hajajibiwa akainua bakuli akanywa. Alikunywa yote, pamoja na yale mafuta, akifumba macho kila anapomeza. Nurdoolot aligeuka akatazama milima. Gulzada alipomaliza, Kalicha alichukua pindo la kilemba chake cheupe akamfuta mdomo, taratibu, kama anavyofutwa mtoto. Gulzada akatabasamu. Alidhani amemponya.

"Basi," Kalicha akasema. "Umekunywa."

"Nimekunywa, mama."

"Nami nilisema. Nurdoolot, mwulize mzee huyu kama anamtaka ng'ombe. Sitaki auzwe kwa mtu wa mbali."

Hapo ndipo nilipoona uso wa yule binti ukibadilika. Alikuwa amesahau. Alikwenda kukwangua sufuria la watu kwa huruma, ili mama asilale na siku ile peke yake, na kwa huruma hiyo akamng'oa Kara-Bulun. Akasema haraka, "Mama, haikuwa hivyo, sikumaanisha, tunaweza kuja tena mwakani..." Kalicha akamwekea mkono begani. "Neno ni neno, mwanangu. Usinifanye mwongo uzeeni."

Waliondoka kabla ya theluji kufunga njia ya mlimani. Ng'ombe ninaye, anazeeka nami.

Tangu wakati huo timu yetu imeshinda mara chache na kushindwa mara nyingi. Sasa wachezaji wote ni wa kuazima, jina pekee ndilo letu. Mchezo ukianza Gulzada hunipigia, nami nainua simu kwa mkono unaotetemeka, na wale wa mbali wananilalamikia kwamba wanaona mbingu. Nikiuliza alipo Kalicha, Gulzada husema yuko jikoni, anasema picha ni ndogo mno, farasi wanaonekana kama nzi. Nami humsikia nyuma, akisogeza vyombo.

Mtoto hajaja. Majira ya baridi yaliyopita Gulzada alinipigia siku isiyo ya mchezo, kwa sauti ya chini, Nurdoolot yuko kazini na mama amelala. Aliniuliza kama ng'ombe bado anatoa maziwa. Kisha akasema tangu wafike kule mama hajamlaumu hata mara moja, hajamtazama tumbo, hajauliza, hata kwa utani hajauliza, na kwamba angetoa chochote mama amtukane siku moja tu, kwa ile sauti yake ya kilimani.

Nilimwambia sauti kama ile inahitaji bonde. Akakata simu bila kuniaga.